Adela Hakuwa Mtu wa Kudanganya

Mimi naitwa Makena, Mmeru wa Kenya, na kitu cha kwanza watu wa Wheaton, huku ughaibuni tunakoishi, watakachokuambia kunihusu ni kwamba sina subira. Ni kweli, sikatai. Cha pili watakuambia rafiki yangu ni Adela, yule Mtanzania mrefu wa kwaya, na watakuuliza tunapatana vipi. Hata mimi najiuliza.

Tunafanya kazi pamoja katika nyumba ya kutunzia wazee, dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni ya metro. Mwaka wa kumi na nne huu. Kuogesha, kuvisha, kulisha, kutandika, kukata kucha. Adela ana mikono ya kazi hiyo, haki ya Mungu. Mzee amekataa kuoga siku tatu, ametutukana sote, Adela akiingia na beseni lake unasikia huko ndani mzee anacheka. Lakini alikuwa na kasoro moja iliyotuletea balaa kila wiki: hakujua kudanganya.

Wiki ya kwanza ya mafunzo tulifundishwa kwamba mzee aliyepotewa na kumbukumbu humsahihishi. Akisema leo ni mwaka wa sabini, basi leo ni mwaka wa sabini, unamfuata hukohuko alipo. Sasa kuna mzee wetu anaitwa Harold. Kila siku saa kumi jioni Harold anavaa kofia, anakuja pale mlangoni na kuuliza kama treni ya Dorothy imefika. Dorothy ni mke wake, alikuwa akifanya kazi mjini na kurudi na treni ya jioni. Sisi wengine tunajua la kusema: bado, Harold, kaa kwanza unywe kahawa. Adela je? Adela anamshika mkono, anamtazama machoni na kumwambia, "Harold, Dorothy alifariki mwaka wa elfu mbili na tisa. Pole sana." Na Harold analia upya kabisa, kana kwamba simu ya msiba imepigwa sasa hivi.

Violet, muuguzi msimamizi wetu, alishamwita ofisini mara tatu.

"Ulim-correct tena?" nikamuuliza siku moja tukila chakula cha mchana.

"Aliniuliza, mwenzangu. Mtu anakuulizia mke wake, unampa uongo?"

"Adela, unamfisha huyo mzee kila siku saa kumi!"

Akaweka kijiko chini. "Mama yangu alifariki siku aliyonizaa. Mama mdogo aliyenilea aliniambia mama amesafiri, atarudi. Nikawa natoka kwenda kukaa barabarani kila jioni, namngoja. Miaka tisa, Makena. Mpaka mtoto mmoja shuleni akanitukana, ndipo nikajua. Mimi simfanyii mtu mwingine vile, hata Violet anifukuze."

Wueh. Nikamrudishia kijiko mkononi.

Kwao ni Mbulu, kaskazini mwa Tanzania. Mama yake aliitwa Domina, na hakuna picha yake hata moja. Baba alioa kwingine akahama, naye akafa. Bibi alikufa. Ukiwauliza wazee wa kule Domina alikuwa mtu wa namna gani, wanakwambia alikuwa mtu mzuri, maneno yale yale yanayosemwa kwenye kila kaburi. Mama mdogo alikuwa akiulizwa tu anaanza kulia, kwa hiyo Adela aliacha kuuliza. Ana miaka hamsini na minane na hakuwa anajua kama pua yake ni ya mama au ya baba. Ana mwanya mkubwa katikati ya meno ya juu, na akicheka hufunika mdomo kwa mkono, tangu utotoni. Nilishamwambia mara mia kwamba kwetu mwanya ni urembo. Anafunika tu.

Mama mdogo alipofariki, binamu zake waliosafisha nyumba walikuta kopo la biskuti limejaa kadi za Krismasi kutoka Norwei. Zote zimeandikwa Kiswahili kizuri, zote zimetiwa sahihi moja: Sista Gudrun. Huyo alikuwa mkunga wa hospitali ya misheni siku Adela alipozaliwa, na ndiye aliyemlea pale wodini miezi mitano ya mwanzo, kwa chupa. Kadi ya mwisho ilikuwa na anwani. Adela akaandika barua ya karatasi, akabandika stempu, akangoja. Baada ya mwezi akajibiwa na mwanamke anayeitwa Marit, binti wa kaka yake Sista. Shangazi yangu yu hai, ana miaka tisini na mitatu, alisema. Kumbukumbu zake huja asubuhi na kuondoka. Kama unataka kuja, njoo kiangazi hiki.

"Nitakwenda," Adela akaniambia. "Ni mtu pekee aliyebaki duniani aliyekuwa na mama yangu siku yake ya mwisho. Nataka aniambie alikuwaje. Basi. Sitaki kingine."

"Tutakwenda," nikasema, "kwa sababu wewe ukiachwa peke yako utafika mpaka mlangoni na kurudi."

Tukaruka kutoka uwanja wa ndege wa Dulles mpaka Oslo, tukapanda treni, tukapanda basi. Mji wenyewe una jina lenye herufi ya o iliyokatwa mstari katikati. Sijui mtu anaanzia wapi kulitamka, kwa hiyo mimi niliuita Mtoni. Na mto upo kweli, mpana, unakwenda taratibu chini ya daraja la chuma, maji ya kijani kibichi kizito. Nyumba zote ni za mbao, nyeupe na nyekundu. Kuna duka moja la vyakula, kanisa moja, kituo kimoja cha mafuta, halafu mashamba ya majani yaliyofungwa kwenye plastiki nyeupe, halafu misitu inapanda milima. Tulitembea barabara nzima ya mji tukakutana na watu wanne na paka.

"Makena, watu wako wapi?" Adela akaniuliza kwa sauti ya chini, utadhani tuko hospitali.

Kando ya barabara tulikuta meza ina vikapu vya matunda mekundu na viazi vipya, na muuzaji hayupo. Unachukua, unalipa kwenye kikebe, unaenda zako. Nikazunguka hiyo meza mara mbili nikitafuta kamera. Adela akachukua vikapu viwili, akatia hela, na akaiambia meza asante. Mungu ni shahidi wangu, aliishukuru meza.

Marit ni mwalimu mstaafu, mrefu, anaongea Kiingereza cha pole pole. Alitupeleka kwa Sista siku ya kwanza mchana, katika nyumba ya wazee iliyo ukingoni mwa mto. Nilipoingia nilisikia harufu ile ile ya kazini, sabuni na uji, nikajisikia nyumbani. Sista Gudrun alikuwa amekaa dirishani, mwembamba, nywele nyeupe zimechanwa nyuma, macho mtoni. Adela akapiga magoti nusu, vile wanavyofanya kwao.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba," Sista akajibu papo hapo, bila hata kugeuza kichwa.

Marit akashika mdomo. Alituambia hajamsikia akisema Kiswahili kwa miaka mitano. Mimi nikamfinya Adela: uliza! Uliza sasa! Yeye akasema, "Habari za hapa, Sista?" Na Sista akageuka, akatutabasamia vizuri sana, akajibu kwa Kinorwei. Ikawa ndiyo basi siku hiyo.

Siku ya pili tulikwenda saa nne asubuhi, saa yake nzuri. Na alikuwa vizuri! Macho yamechangamka, ametulia, anatutazama. Ndipo Adela akaanza. Salamu kutoka kwa mchungaji wa Mbulu. Salamu kutoka kwa wazee wa kanisa, mmoja mmoja, kwa jina na jina la baba. Fulani amejenga, fulani ameoza binti, mvua zimenyesha vizuri, mahindi yamekubali. Akatoa kitenge cha zawadi, akatoa majani ya chai, akaomba maji ya moto, tukanywa. Sista anaitikia "eeh", anaitikia "haya". Mimi natazama saa ya ukutani mpaka shingo inauma. Ilipofika saa tano na robo, Sista akageuza macho dirishani na hakurudi tena.

Nilivumilia mpaka darajani. Sikuweza zaidi.

"Adela, wewe ni mtu wa aina gani? Umevuka bahari nzima kuja kumwambia habari za mahindi?"

"Humfikii mtu mzima ukaanza na shida yako. Unasalimia, unaleta habari, mnakula. Shida yako inangoja mwisho. Huyu ameishi kwetu miaka ishirini na saba, anajua. Angeniona sina adabu."

"Ana miaka tisini na mitatu! Mwisho wenyewe ndio huu! Kesho saa tisa tuna basi!"

Akashika chuma cha daraja. "Naogopa, Makena," akasema, na machozi yakamtoka. "Nikimuuliza akasema hamkumbuki, basi, imeisha. Hakuna mwingine wa kumuuliza. Nikiwa sijauliza bado ninaye."

Niliona haya, nikamshika bega. Tukasimama hapo tukitazama maji mpaka Marit akaja na gari.

Mchana huo Marit alituzungusha. Tuliona kanisa lao la mbao lililopakwa lami nyeusi kwa nje, tukapanda mlimani ambako kondoo wanatembea na kengele shingoni, akatupikia chapati zao zenye vishimo vya mraba pamoja na jibini la kahawia lenye utamu wa sukari guru. Mimi nilikula tano. Tulipokuwa tunakula akauliza, "Kuna neno shangazi hulirudia akiwa katika hali mbaya. Anashikilia shuka na kusema damu, damu. Ni jina la mtu?"

Adela ndiye aliyemwambia maana yake. Marit akaisukuma sahani yake kando.

Siku ya tatu Adela alivaa nguo ya kwenda kanisani, kitenge cha juu na chini na kilemba, kwa sababu alikuwa anakwenda kuaga. Tukamkuta Sista ana siku mbaya. Amekataa uji, anavutavuta blanketi, hataki kuguswa. Adela akakaa mbele yake na safari hii hakuzunguka.

"Sista, unamkumbuka mama yangu? Anaitwa Domina. Alijifungulia kwako, akafia kwako."

Sista akamtazama. "Hapana," akasema kwa Kiswahili, wazi kabisa. "Simjui."

"Haya, Sista. Asante."

Niliangalia pembeni kwa sababu sikuweza kumtazama usoni. Akakaa hapo kama dakika mbili, mikono mapajani. Kisha nikaona macho yake yameshuka miguuni pa Sista. Visigino vilikuwa vimepasuka, na kucha za vidole gumba zimeanza kujikunja. Alikunja mikono ya nguo.

"Marit, naomba beseni. Na mafuta yoyote mliyonayo."

Basi akapiga magoti na kilemba chake cha kanisani, akaanza kazi. Akaiosha miguu, akaikausha katikati ya vidole, akakata kucha, akachota mafuta na kuyasugua visiginoni kwa vidole gumba, taratibu, kama anavyofanya kila siku Wheaton. Sista akaacha kuvuta blanketi. Mimi moyo uliniuma nikaona lazima niseme kitu, na kwangu kitu ni utani.

"Jionee mwenyewe," nikasema. "Likizo ya kwanza katika miaka sita, na umevuka bahari ukatafuta mpaka ukapata mguu wa kuosha. Ukifika mbinguni utamwomba Petro beseni."

Adela akacheka. Hakutaka, kicheko kilimtoka tu. Na mikono yake ilikuwa imejaa mafuta mpaka vifundoni, hakuweza kufunika mdomo, kwa hiyo alicheka na mdomo wote, kichwa nyuma, mwanya nje.

"Domina," Sista akasema.

Sista alikuwa ameinama mbele, anamtazama Adela kama mtu aliyeona mgeni wake akishuka garini.

"Domina. Umekuja."

"Hapana, Sista, mimi ni Ade..." Akakatiza. Akageuka kunitazama. Nikatikisa kichwa tu. Usimsahihishe.

Akamgeukia tena. "Naam, Sista. Nimekuja."

"Bado unacheka vilevile, mwanya wote nje!" Sista naye akaanza kucheka. "Ulinicheka viatu vyangu, unakumbuka? Uchungu umekubana, umeshika kitanda, na bado unanicheka viatu. Ukasema Sista amevaa mitumbwi."

"Nakumbuka, Sista."

"Sijapata kuona mtu mtundu kama wewe. Wodi nzima ilicheka." Akamgusa Adela shavuni. "Mtoto hajambo?"

"Hajambo." Machozi yalikuwa yakimdondoka Adela kwenye ule mguu alioushika, na hakuuachia. "Hajambo, Sista. Amekua."

"Alikuwa anakataa chupa. Nikamlaza hapa kifuani, ndipo akanyonya." Akapapasa kifua chake mwenyewe. Halafu uso ukabadilika, nikaona mkono umerudi kwenye blanketi na kulikamata. "Domina, damu ilinishinda. Nilikandamiza kwa mikono yote miwili. Nilikandamiza, nikakandamiza. Ilinishinda. Nisamehe, Domina."

Namjua Adela. Nilijua ukweli umeshamfika kwenye ulimi: Sista, mama alikufa, mimi si yeye, siwezi kusema kwa niaba yake. Ndivyo angemwambia Harold. Nilimwona akipangusa mikono yake kwenye taulo, kidole kimoja kimoja, polepole, na mimi nikawa naomba kimoyomoyo. Kisha akaiweka mikono hiyo juu ya mikono ya Sista iliyoshika blanketi.

"Nilikusamehe siku ile ile, Sista," akasema. "Nilikuona ulivyohangaika. Mtoto wangu ukampokea, ukamweka kifuani. Nakushukuru."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Sista akaachia blanketi. Akamshika Adela mikono kwa muda, akiitikia "haya, haya", mpaka akafumba macho akalala. Marit hakuwa ameelewa hata neno moja, na alikuwa akilia kuliko sisi.

Kwenye kituo cha basi, pale karibu na daraja, Adela aliweka mzigo chini.

"Nimesema uongo, Makena."

"Umesema."

"Nimetoa msamaha kwa jina la mtu mwingine. Sijui kama nilikuwa na ruhusa."

"Kwani nani mwingine angekuwa nayo?"

Akafikiri. Basi tayari lilikuwa linaonekana ng'ambo ya mto. "Ati mitumbwi," akasema, "na uchungu umembana!" Akaanza kucheka, na mkono ukapanda kuelekea mdomoni kama kawaida yake. Ukaishia njiani. Akanipa simu yake.

"Nipige picha. Hivi hivi, ninavyocheka."

Nikampiga. Akaitazama ile picha kwenye basi, akaitazama kwenye treni, akaitazama kwenye ndege mpaka nikamuuliza kama anataka niwapishe wawili hao. "Niache," akasema. "Sasa nina picha ya mama." Nikajifunika blanketi la ndege mpaka kichwani, nikalia hadi karibu na Dulles.

Jumatatu tulirudi kazini. Saa kumi jioni Harold akaja mlangoni na kofia yake. Mimi nilikuwa na toroli la chai, Violet alikuwa pale mezani kwake, na sote wawili tuliona Adela ndiye aliye karibu. Violet akaanza kusimama.

"Treni ya Dorothy imefika?" Harold akauliza.

Adela akamshika mkono, akamtazama machoni, kama siku zote. Nikafumba macho.

"Bado, Harold," akasema. "Imechelewa leo. Lakini nikimwona mimi kwanza, nimwambie nini?"

Harold alisimama akifikiri, kofia mkononi. Sidhani kama katika miaka yote hiyo kuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Mwambie nilimngoja," akasema. "Mwambie sikuondoka."

"Nitamwambia," Adela akasema. Akavuta viti viwili mpaka dirishani, wakakaa wote wawili wakitazama barabara.